Nimepandikiza polima kwenye sufu, uzito umepanda 31%, lakini bado inagandamana ikifuliwa. Nimekosea wapi?

BintiMaabara:

Shikamooni wakubwa zangu. Rika langu, mambo vipi.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni sufu inayofulika kwa mashine bila kugandamana na kunywea. Niliwaza hivi: sufu ni protini, ni keratini, imejaa vikundi vya amino na madaraja ya salfa ya sistini. Kwa nini nisioteshe polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, juu yake, kama mtu anavyopandikiza tawi kwenye shina la mti mwingine?

Nilichukua vipande vitatu vya sufu nyeupe iliyofumwa, sm 15 kwa 15, kila kimoja gramu 5 hivi, nyuzi za mikroni 21. Nikaviosha mafuta, nikavikausha kwenye oveni nyuzijoto 105, nikapima. Kisha viwili vikaingia, kila kimoja kwenye mililita 200 za maji yenye chumvi kidogo ya chuma, peroksidi ya hidrojeni, asidi hadi pH 3, na mililita 5 za methili methakrilati, ndiyo monoma yangu, molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima. Nyuzijoto 60, saa mbili. Mtungi wa naitrojeni ulikuwa umeisha, kwa hiyo nilifunika tu chupa na kuomba Mungu. Baadaye nikasuuza kwa maji mara tatu, nikaanika juu ya meza usiku kucha, asubuhi nikapima.

5.00 ikawa 6.55. Asilimia 31! Nilifurahi hadi nikampigia mama simu. Akaniuliza swali moja tu: hiyo sufu sasa inavalika?

Haivaliki. Imekakamaa, ukiikunja inachakarisha, na unga mweupe unadondoka mezani. Mbaya zaidi, nimefua kipande kimoja kwenye mashine, nyuzijoto 40, mizunguko mitatu, pamoja na kipande ambacho sikukitia chochote. Kisichotiwa kitu kimetoka 15 kwa 15 hadi 11.5 kwa 11. Cha polima kimefika 12.5 kwa 12. Yaani 44% ya eneo imepotea kwa kile, 33% kwa hiki. Kazi yote ile nimepata nafuu ya asilimia 11.

Msimamizi wangu yuko safarini. Nimebakiwa na kipande kimoja cha polima ambacho sijakifua. Niongeze monoma? Niongeze muda? Au niombe kubadilisha mada?

---

Mizani_Mbili:

Usibadilishe mada. Ila tuanze na hesabu kabla ya kemia.

Soma tena ulichoandika. Mara ya kwanza umepima sufu iliyotoka kwenye oveni. Mara ya pili umepima sufu iliyolala mezani. Hapo umelinganisha vitu viwili tofauti. Sufu ikikaa kwenye hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevunyevu wa 65%, hubeba maji kiasi cha 16% ya uzito wake mkavu, na ukiishika mkononi huwezi kujua. Iko kavu kabisa kwa mguso. Tuseme chumba chako ni kikavu kidogo, 14%. Basi katika ile gramu 1.55 uliyompigia mama simu, 0.70 ni maji ya hewani.

Iliyobaki, 0.85, nayo isikupe kiburi. Ule unga mweupe ni methakrilati iliyojiunga yenyewe kwa yenyewe ndani ya maji, haikushikana na sufu mahali popote, ikatua tu juu yake. Maji hayaiondoi hata usuuze wiki nzima. Asetoni inaiyeyusha. Kile kipande ambacho hukukifua kiweke kwenye Soxhlet, kile chombo kinachoosha kwa kimiminika kinachochemka na kurudi tena na tena, na asetoni kwa siku nzima, kikaushe 105, kiache kipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli ya kufyonza unyevu, ndipo upime. Kisipoe mezani, tafadhali. Sufu kavu inafyonza unyevu huku unaitazama. Utaona tarakimu ya mwisho ya mizani inapanda yenyewe kama saa.

Kuhusu naitrojeni: ulipaswa kuipitisha, kwa sababu oksijeni humeza radikali, vile vipande vya molekuli vinavyoanzisha polima, na kuchelewesha kazi. Lakini sidhani kama ndicho kilichokuangusha. Nafikiri kuna kitu kingine na hicho namwachia anayejua nguo.

---

MzeeWaPipa:

Marahaba binti. Mimi si mtu wa vitabu sana. Nilikaa miaka 27 katika idara ya umaliziaji ya kiwanda cha sufu, nikaanza kwa kusukuma mapipa, ndilo hilo jina. Mwenzangu wa mizani amesema kweli tupu. Mimi nina swali moja: hiyo polima yako iko wapi?

Kabla hujanijibu, fanya jambo la dakika moja. Chomoa unyuzi mmoja kwenye sufu ambayo hujaitia kitu. Uulaze kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vikifuata urefu wake, kisha visugue mbele na nyuma. Unyuzi utatembea, na utatembea upande mmoja tu, ule wa shina, ule uliokuwa kwenye ngozi ya kondoo. Ugeuze, utarudi ulikotoka. Ndivyo nilivyofundishwa siku yangu ya kwanza kazini na bibi mmoja aliyekuwa mpimaji, na nilidhani ananifanyia kiinimacho.

Ni magamba hayo. Yamepangana kama vigae vya paa, ncha zake zikielekea nchani mwa unyuzi. Mashine ya kufulia inaposukuma na kuvuta, kila unyuzi unajipenyeza kwa upande wa shina na hauwezi kurudi nyuma kwa sababu magamba yanauzuia. Nyuzi elfu nyingi zikifanya hivyo kwa nusu saa, zimeshafungana. Sweta la baba linakuwa la mtoto. Hakuna kilichonywea hapo, unyuzi mmojammoja una urefu uleule. Kilichotokea ni msongamano.

Sasa polima yako. Chumvi ya chuma ni kitu kidogo, inaingia ndani ya unyuzi bila shida kwenye maji ya moto. Monoma yako nayo ni ndogo, inaifuata. Peroksidi ikikutana na chuma huko ndani, radikali zinazaliwa hukohuko na polima inakua ndani ya kiini. Ndiyo maana unyuzi umenenepa na kukakamaa. Magamba yako nje, yametulia, hayajaguswa. Ongeza monoma maradufu, utapata waya mnene wenye magamba yaleyale.

Kama unataka ushahidi wa macho, tafuta hadubini ya kawaida na maji ya klorini mabichi. Weka nyuzi chache kwenye kioo, funika, dondosha tone la maji ya klorini pembeni lijivute chini ya kifuniko. Fanya ndani ya kabati la kufyonza hewa, usiwe shujaa. Kama ngozi ya nje ya magamba iko nzima, utaona vipovu vinatunga pembeni mwa unyuzi, kimoja kimoja, kama malengelenge. Vinaitwa vipovu vya Allwörden, kwa jina la aliyevieleza mwaka 1916. Vikitokea kwenye sufu yako ya polima, basi umepamba chumba cha ndani na mlango uko vilevile.

---

Msokota:

Mimi nasokota na kufuma kwa mkono tu, kemia niliiacha kidato cha nne. Kwa nini asinunue sufu ambayo tayari imeandikwa "superwash", ile inayofulika kwa mashine, akaichunguza? Ila niseme, mimi mwenyewe siipendi. Inateleza. Nilifuma sweta la sufu hiyo, baada ya kulifua likarefuka hadi magotini, halikunywea hata kidogo lakini likawa kanzu.

---

MzeeWaPipa:

Msokota, umesema kitu kikubwa bila kujua. Magamba yale yale yanayogandamanisha nyuzi ndiyo pia yanayozishikilia zisiteleze. Ukiyanyamazisha kabisa, kitambaa kilicholegea kinajinyoosha kikilowa. Dawa yake ni kufuma kwa kukaza zaidi. Na binti, hilo liandike kwenye ripoti yako, wasomaji wa ripoti hupenda kusikia hasara za jambo.

Hiyo superwash unayoisema, kwa sehemu kubwa, ni kazi iliyokuzwa Australia na watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya huko: klorini kwanza, kisha resini, yaani polima ya kupaka, iliyoitwa Hercosett. Resini hiyo ni poliamaidi iliyounganishwa na epiklorohidrini. Ukitaka kuijua zaidi, ndugu zake ndio wanaotiwa kwenye karatasi za kufutia jikoni ili zisimeng'enyuke zikilowa. Ajabu ni kiasi: kiwandani tulitia kama 2% tu ya uzito wa sufu. Gramu mbili kwa mia. Wewe umetia mara nyingi zaidi ya hapo na umepata kidogo.

Siri iko kwenye klorini. Juu ya kila gamba kuna ngozi nyembamba, na juu ya ngozi hiyo kuna safu ya asidi ya mafuta yenye kaboni 21, imefungwa kwenye protini kupitia salfa. Sabuni haiyatoi mafuta hayo. Yamezaliwa na unyuzi. Dondosha maji juu ya sufu safi uone: tone linakaa kama shanga. Polima ya majini nayo inajikunyata hivyohivyo, haitandazi. Klorini inakata kile kifungo, inaondoa yale mafuta, na sistini iliyo chini inageuka asidi ya sisteiki, yenye chaji hasi. Resini ina chaji chanya. Hapo hata hulazimishi. Inaitwa, inakuja, inatandaa, inajifunga inapokauka. Kitambaa kikilowa, lile tabaka linavimba na kuwa laini, na ncha za magamba zinazama ndani yake. Wapo wanaobisha kuhusu hilo la mwisho, wanasema resini inazuia kwa kuziweka nyuzi mbalimbali. Nilisikia ubishi huo kwa miaka na sikuona sweta hata moja lililojali.

---

KijaniKibichi:

Naomba kuingilia. Mnamfundisha mwanafunzi teknolojia ambayo viwanda vinajaribu kuiacha. Klorini ikikutana na sufu inaacha misombo ya kaboni yenye klorini kwenye maji machafu, na resini yenyewe imetengenezwa kwa epiklorohidrini, kwa hiyo inachangia pia. Kuna plasma (gesi iliyochajiwa kwa umeme), kuna ozoni, kuna permonosalfeti (chumvi ya kutia oksidi), kuna vimeng'enya. Kwa nini asianzie huko?

---

MzeeWaPipa:

Ndugu KijaniKibichi, hunigombezi peke yangu, hata mke wangu alinigombeza kwa harufu niliyorudi nayo nyumbani. Uko sahihi kuhusu maji machafu.

Lakini tutazame moja moja. Vimeng'enya vya kula protini havijui kuwa tumevituma kula gamba tu. Kati ya seli za unyuzi kuna gundi, nayo ni laini kuliko gamba. Kimeng'enya kinapenya pale na kuanza kula kutoka ndani. Unapata sufu nyororo sana inayotoboka kisigino kwa wiki mbili. Nimeishika soksi ya aina hiyo. Watu wanajitahidi kukikuza kimeng'enya kiwe kikubwa kisiweze kupenya, na nawaombea heri. Plasma ni safi kweli, inagusa uso tu, lakini peke yake mara nyingi haitoshi. Bado unahitaji polima juu. Permonosalfeti ndiyo ningempa binti kama angekuwa na miezi sita: unatia oksidi kwa upole, kisha salfaiti inakuja kukata daraja la salfa na kuacha vikundi vyenye chaji hasi. Shida ni kwamba resini ile ya Hercosett haishiki hapo vizuri kama kwenye klorini, inabidi polima nyingine.

Na kama kitambaa kimeshafumwa au kusukwa, kuna njia ya poliurethani inayoyeyuka majini, yenye ncha zilizozibwa kwa bisalfaiti. Hiyo haihitaji klorini. Inafunga unyuzi kwa unyuzi pale vinapogusana, kama nukta za gundi, basi nyuzi hazitembei hata kama magamba yapo. Mguso wake ni mgumu kidogo.

Wamarekani nao walijaribu jambo zuri kule Albany, California, katika maabara ya wizara ya kilimo: sufu inalowekwa kwenye diamini iliyo majini, kisha inapitishwa kwenye kimiminika kisichochanganyika na maji chenye kloridi ya sebakoili. Nailoni inazaliwa hapohapo kwenye uso wa unyuzi, sekunde chache. Waliita Wurlan. Nimeipenda tangu nilipoisoma, maana inafuata fikra yako binti, ya kuotesha polima juu ya sufu, isipokuwa wao walihakikisha inaota nje.

---

BintiMaabara:

Wazee wangu, nimerudi na aibu kidogo na furaha nyingi.

Soxhlet ya asetoni, saa 24. Asetoni ilitoka na ukungu mweupe nilipoidondoshea maji. Kipande kimekaushwa na kupozwa kwenye silika jeli kama nilivyoagizwa: gramu 5.55. Ile 31% yangu ni 11%. Nimempigia mama tena kumrekebishia, akasema hata mara ya kwanza hakuelewa.

Unyuzi wa vidoleni: wa kawaida unatembea, nimeucheza jioni nzima. Wa polima unatembea pia! Polepole zaidi na unachomachoma, lakini unatembea upande wa shina uleule.

Halafu hadubini. Hii sitaisahau. Maji ya klorini yalipofika kwenye unyuzi wa kawaida, kwa sekunde chache hakukuwa na kitu, kisha pembeni pakaanza kuvimba, kipovu, kipovu, kipovu, hadi unyuzi ukawa kama kamba iliyovikwa ushanga pande zote mbili. Nikaweka wa polima nikiomba usitoe. Ukatoa. Vichache zaidi, ila viko wazi. Mzee, mlango uko vilevile.

Sasa swali. Sina permonosalfeti. Ninayo ile chumvi ya klorini ya mabwawa ya kuogelea, dikloroisosayanureti ya sodiamu. Na maabara ya karatasi ghorofa ya chini wana resini ya poliamaidi-epiklorohidrini, wamekubali kunipa chupa moja. Nifanyeje bila kuharibu?

---

MzeeWaPipa:

Bahati unayo. Hiyo chumvi ni bora kuliko klorini ya gesi kwa anayeanza, kwa sababu inaachia klorini taratibu. Klorini tupu inaishika sufu kwa sekunde. Pale ilipogusa kwanza inakula yote, kwingine kunabaki kutupu.

Nikuambie kilichonipata. Kwenye kiwanda nilichofanyia kazi kulikuwa na pampu ya kutia klorini iliyokuwa inakohoa, inatoa, inakatika, inatoa. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Niliisikia, nikasema itafika mwisho wa zamu. Sufu ilitoka nyeupe, nzuri, hakuna aliyeona kitu. Ikasokotwa, ikafumwa, ikapelekwa kutiwa rangi ya bluu ya giza. Masweta yakatoka na mistari kama punda milia, maana sufu iliyoshika klorini inakunywa rangi haraka kuliko isiyoshika. Tangu siku hiyo sauti ya pampu naijua hata usingizini.

Kwa gramu 5 za sufu: mililita 200 za maji, pH kama 4.5 kwa asidi ya asetiki, joto la chumba. Chumvi yako gramu 0.17, iyeyushe pembeni, imimine kwa mafungu manne dakika tano tano huku unakoroga. Usikimbilie asidi kali pale. Ukishusha pH ghafla gesi itatoka na utaijua. Kabati la kufyonza hewa, glavu, miwani. Endelea hadi karatasi ya wanga na iodaidi isigeuke bluu tena, kisha tia salfaiti ya sodiamu kumaliza klorini iliyobaki. Suuza vizuri.

Kata kaukanda kembamba hapo, kabla ya resini, kiweke. Nitakuambia cha kukifanyia.

Kipande kiingie kwenye maji mapya, pH 7.5 hadi 8 kwa bikabonati, nyuzijoto 35. Resini 2% ya uzito wa sufu, ukihesabu kile kigumu kilichomo kwenye chupa, si maji yake. Nusu saa. Usisuuze. Kausha nyuzijoto 80, kisha dakika kumi kwenye 100. Usizidishe, sufu ikiona moto mwingi inakuwa ya manjano.

Kale kakanda kalowekwe kwenye buluu ya methilini iliyozimuliwa, rangi yenye chaji chanya. Kasuuze. Palipopata klorini patashika bluu. Na upime tone la maji pia, kabla na baada, uhesabu sekunde.

---

Mizani_Mbili:

Na upime uzito mkavu kila hatua, hata kama unaona haina maana. Ukipata ongezeko la 2% usishtuke ni dogo. Rudia vipande vitatu, usije na kimoja tena.

---

BintiMaabara:

Vipande vitatu, bosi, na cha nne kisichotiwa kitu. Nimechukua siku nne.

Tone la maji: kwenye sufu safi nilihesabu hadi 300 likakaa tu, nikachoka. Baada ya klorini halikufika sekunde tatu, lilizama kama limeitwa. Vipovu kwenye hadubini: hakuna hata kimoja, nimetafuta kioo kizima.

Uzito mkavu baada ya resini: umeongezeka kati ya 1.4 na 1.9% ukilinganisha na baada ya klorini. Kabla ya hapo klorini yenyewe iliupunguza kidogo, chini ya 1%. Mizani_Mbili, bila silika jeli yako nisingeona chochote.

Kufua, mizunguko mitatu, nyuzijoto 40: viwili vimetoka 14.5 kwa 14.5, yaani vimepoteza kama 6.6% ya eneo. Kisichotiwa kitu kilinywea kama mwanzo. Sikuamini, nikavifua mara tatu nyingine. Havikubadilika kiasi cha kupima kwa rula. Unyuzi vidoleni unasitasita, unatikisika mbele na nyuma, hauendi popote.

Kipande cha tatu ndicho kimenitia wasiwasi. Kimepinda. Upande mmoja uko sawa, kona moja imejivuta ndani na kugandamana, na ukikitandaza mezani hakilali. Nikaenda kwenye kakanda kake ka buluu ya methilini: nusu bluu iliyokolea, nusu karibu nyeupe, na mpaka kati yake unaonekana kama umechorwa. Vile viwili vingine vimekolea sawasawa.

Nadhani najua. Kwenye kipande hicho simu iliita nikiwa namimina fungu la pili. Niliweka chupa mezani, nikaacha kukoroga, nikajibu. Alikuwa mama.

Halafu mguso. Vyote ni vigumu kidogo, si kama waya ule wa kwanza, lakini vinakwaruza shingoni. Kuna la kufanya?

---

MzeeWaPipa:

Hahaha. Pampu imekohoa.

Kipande hicho usikitupe wala usikifiche. Kiweke kwenye ripoti pamoja na kakanda kake, kimebandikwa kando ya vile viwili. Kinaeleza jambo ambalo vile vizuri haviwezi kueleza: sufu moja, resini moja, mashine moja, na pale klorini haikufika sufu imegandamana kana kwamba resini haikuwepo.

Kukwaruza: kiwandani baada ya resini tulipitisha kilainishi kabla ya kukausha. Silikoni yenye vikundi vya amino inafaa, 0.5% hadi 1% inatosha. Ukizidisha, utelezi wa Msokota unarudi. Tia kwenye kipande kimoja tu, kingine kiache hivyo, ili uwe na cha kulinganisha.

Na ile 11% ya methakrilati iliyobaki ndani ya sufu usiione ni hasara. Siku ukitaka sufu isiyovimba sana majini, au ukibadilisha monoma ukapandikiza asidi ya akriliki ili sufu ishike ayoni za metali kama shaba kutoka kwenye maji, ndani ya unyuzi ndipo utakapotaka polima ikae. Hilo lina mradi wake.

Kipande kipya cha tatu ukikifanya, zima simu.

---

BintiMaabara:

Nimeizima. Mama nimemwambia atapiga saa mbili usiku. Ameuliza tena kama inavalika, nikamwambia shingoni bado, mkononi tayari.